Fremu ya chuma kutoka kwenye skrepa: shajara ya mradi, Mwanza

Februari: ilivyoingia

Fremu hii ya baiskeli nimeitoa kwa mnunuzi wa skrepa pale Igoma. Ilikuwa imelaliwa na mabati chakavu, ikisubiri kwenda kuyeyushwa iwe nondo. Nimeinunua kwa bei ya kilo, nikaongeza kidogo kwa ajili ya foku na krenki ambazo bado zilikuwa zimeshikana nayo.

Hali yake: imepakwa rangi ya geti ya kijani kwa brashi, juu ya kila kitu, hadi kwenye tredi. Chini ya rangi kutu imevimba. Magurudumu hamna, usukani hamna, gia hamna. Breki ya nyuma ipo lakini imeganda. Nguzo ya siti ni ya aluminiamu, imekatwa kwa msumeno usawa wa mdomo wa bomba na kipande kimebaki ndani. Bomba la juu lina kibonyeo, na kishikio kimoja cha waya wa gia kimeng'oka kikaacha kovu.

Kilichonifanya niichukue ni uzito. Fremu ya Phoenix tunaijua wote: ndiyo inayoshusha mkaa na madumu ya maziwa kutoka Misungwi kila alfajiri, chuma cha kawaida chenye ukuta mnene, na kazi yake inaifanya. Hii niliinyanyua kwa vidole viwili. Nikaigonga kwa ukucha, ikalia. Nikakwangua kidogo kwenye bomba la siti, na chini ya ile rangi ya geti kikatokea kipande cha stika chenye herufi za TANGE zinazosomeka.

Tange ni kampuni ya Kijapani iliyojulikana kwa mabomba ya baiskeli, na mabomba yake mazuri yalikuwa ya kromoli, yaani chuma kilichotiwa takriban asilimia 1 ya kromiamu na molibdenamu kama asilimia 0.2. Kiasi hicho kidogo kinatosha kukipa chuma nguvu kubwa kiasi kwamba ukuta wa bomba unaweza kuwa chini ya milimita 1 katikati, ukaachwa mnene zaidi kwenye ncha tu, panapoungwa.

Wembamba huo ndio unaoamua kila nitakachofanya kuanzia leo. Kwenye bomba lenye ukuta wa milimita 3 fundi anaweza kukwangua anavyotaka. Hapa kila ninachokwangua nakitoa kwenye nguvu ya fremu. Kwa hiyo sheria ya mradi ni moja: kutu itoke, chuma kibaki. Grainda haitaigusa, na mashine ya kuchomelea ya umeme haitaikaribia.

Umri wake

Jina la mtengenezaji limekwenda na rangi. Kwenye bomba la mbele yamebaki matundu mawili ya ripiti tu, palipokuwa na nembo. Lakini fremu yenyewe inasema mengi ukiisikiliza.

Baiskeli za milimani zilianzia Marin County, California, miaka ya 1970. Vijana wa kule walikuwa wakiteremka Mount Tamalpais na baiskeli nzito za zamani zenye tairi nene na breki ya kukanyagia nyuma. Mbio zao zilizoanza 1976 ziliitwa Repack, kwa sababu breki ilipata moto mpaka grisi ikaungua, na kila baada ya kuteremka ilibidi habu ifunguliwe ipakwe grisi upya. Fundi yeyote wa Mabatini anaielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu iliyokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo, na 1981 kampuni ya Specialized ikaleta Stumpjumper, iliyotengenezwa kwa wingi Japani. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo fremu nyingi nzuri zenye majina ya Kimarekani zilitoka viwanda vya Japani. Yeni ilipopanda sana baada ya makubaliano ya Plaza ya Septemba 1985, ambapo nchi tajiri zilikubaliana kushusha thamani ya dola, kazi hiyo ikaanza kuhamia Taiwan.

Sasa niangalie ushahidi nilionao. Mabomba yameungwa kwa soketi, kila bomba limechomekwa kwenye kifuko chake cha chuma na kuunganishwa kwa brasi. Nafasi kati ya masikio ya nyuma, yaani panapokaa ekseli ya gurudumu, ni milimita 130. Breki ya nyuma haiko juu ambako tumezoea, iko chini, nyuma ya krenki, na ni ya aina ya U, ambayo mikono yake inakumbatia tairi kama herufi hiyo. Breki hizo zilishika soko kuanzia 1986, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji walishaziacha, maana pale chini zinakusanya tope lote la tairi. Ushahidi bora kuliko wote uko nyuma ya mkono wa krenki ya Shimano: herufi mbili, LH. Shimano walikuwa wakipiga muhuri wa mwaka na mwezi kwa herufi, A ikiwa 1976, B 1977, na kuendelea. Herufi ya pili ni mwezi. L ni 1987, H ni Agosti.

Krenki inaweza kuwa ya kubadilishwa, ni kweli. Lakini krenki, breki na upana wa masikio vyote vinaelekeza sehemu moja. Naiandika kama fremu ya Kijapani ya mwaka 1987 au 1988, na nimeridhika.

Machi: nguzo ya siti na kikombe cha kulia

Aluminiamu ikikaa ndani ya chuma pamoja na unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Inatoa unga mweupe, unga unavimba, na nguzo inabanwa kana kwamba imechomelewa. Nilianza kwa upole: hidroliki ya giaboksi ya otomatiki nikaichanganya na asetoni (asetoni inauzwa kwenye maduka ya vipodozi, ndiyo ya kutolea rangi ya kucha), nikadondoshea kwenye ukingo asubuhi na jioni. Nikapasha bomba moto, nikasukuma barafu ndani ya nguzo, kwa kuwa aluminiamu husinyaa karibu mara mbili ya chuma inapopoa. Haikutikisika. Na kwa kuwa ilishakatwa, hakuna pa kuishika.

Hapo nikaenda kwa mama mmoja wa Kirumba anayepika sabuni, nikanunua kostiki soda. Kostiki inayeyusha aluminiamu na kuiacha kromoli kama ilivyo. Ndiyo njia pekee ninayoiamini kwa nguzo iliyokatwa ndani ya bomba jembamba, kwa sababu msumeno ukipita aluminiamu unaingia kwenye chuma kabla mkono haujahisi.

Namna nilivyofanya, kwa yeyote atakayehitaji. Bomba la siti linafunguka chini kwenye nyumba ya krenki, kwa hiyo nilichonga kizibo kutoka mpira wa tairi nikakipigilia kutokea ndani. Fremu nikaisimamisha uani, mbali na jiko. Kostiki inatiwa ndani ya maji kidogo kidogo. Maji hayamwagwi juu ya kostiki hata siku moja, yanaruka. Chombo ni cha plastiki. Sufuria zetu ni za aluminiamu, na kostiki itaitoboa sufuria kama inavyokula nguzo. Glavu ndefu, miwani ya kuchomelea yenye kioo cheupe, na ndoo mbili za maji safi pembeni. Ikiingia jichoni ni maji tu, mengi, na hospitali.

Ikianza kula inachemka yenyewe. Povu la kijivu linapanda, bomba linapata moto, na gesi inayotoka ni hidrojeni, inayoshika moto. Ndiyo maana nilisema mbali na jiko, na watoto walikuwa kwa bibi yao siku hizo. Dawa ikichoka unaimwaga na kutia nyingine. Kazi hii haina haraka. Nguzo ilianza kuwa nyembamba kama karatasi, kisha siku moja nikaingiza koleo, ikatoka imekunjamana. Bomba ndani ni safi, na kipenyo chake kinapokea nguzo ya milimita 26.8.

Kikombe cha kulia cha krenki, kinachoshika beringi, nacho kiligoma. Fremu za tredi ya Kiingereza, zenye nyumba ya milimita 68 kama hii, upande wa kulia tredi yake imegeuzwa: unafungua kwa kuzungusha kuelekea saa inakoelekea. Watu wengi wamevunja vikombe kwa kutolijua hilo, wakawa wanakaza wakidhani wanafungua. Nilipitisha bolti nene katikati ya kikombe, nikakibana kwa nati na washa pande zote mbili mpaka bolti na kikombe vikawa kitu kimoja, nikazungusha kwa spana ndefu. Kilifunguka kwa mlio mkali. Tredi ndani ni nzima.

Aprili: pipa la magadi

Masika imekolea, hakuna cha kupaka rangi, kwa hiyo ni wakati wa kutu. Rangi ya geti niliitoa kwa rimuva na kibanzi cha mti, na chini yake ikaonekana rangi ya kwanza, buluu inayoelekea kijani, kama ziwa linavyoonekana ukiwa Capri Point saa tano asubuhi. Sehemu ndogo ilibaki nzima kabisa chini ya klempu ya siti. Nimeikata kwa makini na kuihifadhi kwenye bahasha.

Kutu yenyewe haiko sawasawa. Ziwa letu ni maji baridi, kwa hiyo chuma hapa hakiliwi na chumvi kama Tanga au Dar. Baiskeli zinazooza vibaya Mwanza ni zile za kubebea kayabo, samaki wa kutiwa chumvi, pale Mwaloni, maana maji ya chumvi ya samaki yanashuka kila siku kwenye miguu ya nyuma, yale mabomba membamba yanayoshika gurudumu. Hii yangu haikubeba kayabo. Imeoza palipokaa maji ya mvua: chini ya nyumba ya krenki, kwenye ncha za miguu ya nyuma, na kuzunguka bomba la usukani.

Kuitoa natumia umeme na magadi, magadi haya haya tunayotia kwenye makande. Pipa la plastiki, maji, kijiko kikubwa kimoja cha magadi kwa kila lita nne. Chaja ya betri ya volti 12. Waya hasi unashika fremu, waya chanya unashika vipande vya chuma chakavu vilivyoning'inizwa kuzunguka bila kuigusa. Ukibadilisha waya, fremu ndiyo itakayoliwa, kwa hiyo nimefunga utepe mwekundu kwenye waya chanya na ninauangalia kila ninapowasha. Upande chanya usiweke kijiko cha chuma kisichoshika kutu, kwa sababu kromiamu inayotoka humo ni sumu ndani ya maji. Wala bati. Nondo chakavu ndiyo sahihi. Hapa pia hidrojeni inatoka, hivyo pipa linakaa nje chini ya turubai lililoinuliwa, hewa ipite.

Uzuri wa njia hii ni kwamba chuma kizima hakiguswi. Kutu nyekundu inageuka tope jeusi, unalipangusa kwa brashi, na chini unakuta chuma cha kijivu chenye alama zote za kiwandani. Namba ya fremu chini ya nyumba ya krenki, ambayo sikujua kama ipo, imejitokeza tarakimu kwa tarakimu. Fremu haizami yote kwa pamoja, kwa hiyo nimekuwa nikiigeuza: leo nyuma, kesho mbele.

Lakini umeme haufiki ndani ya mabomba. Unafuata njia iliyo wazi kati ya chuma na chuma. Ndani nimetumia asidi ya sitriki, ile ya unga wanayotumia watengeneza juisi, iliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, pamoja na kipande cha cheni ya zamani ndani ya bomba nikitikisa. Tope la rangi ya chai ya rangi lilitoka mpaka nikashangaa. Asidi haiachwi humo. Ikimaliza kutu inaanza chuma, kwa hiyo baada yake nilisuuza kwa maji ya magadi ili kuivunja nguvu, kisha maji ya moto, kisha nikakausha kwa kupuliza na kompresa ya jirani wa pancha.

Nyufa

Kabla ya kutumia hata shilingi moja kwenye rangi, fremu lazima ikaguliwe nyufa. Mzee mmoja aliyefanya kazi karakana za reli alinifundisha zamani: pangusia mafuta ya taa kila kiungo, yaache yaingie, yafute mpaka pakauke kabisa, kisha pakaza vumbi la chaki. Ufa ukiwepo, mafuta yaliyojificha ndani yanarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki.

Nimepita kiungo kwa kiungo. Soketi zote nne ni safi. Shingo ya foku ni safi, na hapo ndipo nilipokuwa na wasiwasi zaidi, kwa sababu foku ikikatika hakuna cha kushika. Masikio ya nyuma ni safi. Lakini kwenye daraja dogo linalounganisha miguu miwili ya juu nyuma ya siti, upande wa kushoto, mstari mwembamba umejichora nusu ya mzunguko. Ufa uko kwenye brasi, haujaingia kwenye bomba. Hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu brasi inarudishwa.

Kibonyeo cha bomba la juu nimekipima kwa rula na vipimo vya kuchomeka: kina chake hakifiki milimita 2, kingo zake ni laini, chaki haikuonyesha kitu. Kitabaki. Kukijaza pati ni kukificha tu, na sitaki mtu atakayeiona fremu hii baada yangu adanganyike.

Mei: Makoroboi

Makoroboi palipata jina kwa mafundi waliokuwa wakikata makopo na kuyafanya vibatari, na mpaka leo ukitafuta mtu anayejua chuma chembamba, unaanzia huko. Nilimpelekea fremu fundi mmoja mtu mzima.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete niione." Aliizungusha, akalibonyeza bomba kwa dole gumba, akanitazama. "Hii nani alikwambia ukachomelee umeme?"

"Hakuna, Mzee. Nimekuja kwako nataka gesi."

"Basi umefika. Hili bomba umeme unalitoboa kabla hujafumba jicho. Na pasipotoboka, pembeni pake panakuwa kama kioo, patakatika."

Ndivyo ilivyo. Joto la umeme ni kali na limejikusanya sehemu ndogo, linapoa ghafla, na kromoli iliyopoa ghafla inakuwa ngumu na kukosa unyumbufu. Brasi inayeyuka karibu nyuzi 900 za Sentigredi. Bomba lenyewe haliyeyuki kabisa, linapata moto wa rangi ya chungwa na brasi inanywea kwenye kiungo.

Mzee alisafisha ufa kwa tupa nyembamba, akapaka dawa ya kuunganishia, akapasha miguu yote miwili kwanza, polepole, mwali ukiwa laini na ukitembea bila kusimama. Nilikuwa nimekaa hatua mbili tu kutoka kwake. Dawa ilichemka, ikatulia ikawa kama maji, na hapo tu ndipo alipogusisha fimbo ya brasi. Ikakimbia kuzunguka daraja yenyewe, kufuata joto, ikajaza ukingo wote kwa mkunjo mmoja laini. Hakumwagia maji. Aliiacha ipoe na upepo wa mchana, akaniambia nisiitikise mpaka aniruhusu.

Kishikio cha waya kilitaka kitu kingine. Kiko katikati ya bomba la juu, panapokuwa pembamba kuliko pote, na joto la brasi pale ni kubwa mno bila sababu. Hapo panafaa fedha, inayoyeyuka karibu nyuzi 650. Fimbo za fedha wanazo mafundi friji, ila ni lazima uulize vizuri. Fimbo wanazotumia kila siku kwenye mabomba ya shaba zina fosforasi, na fosforasi ikikutana na chuma inatengeneza tabaka kavu linalovunjika kwa mtikisiko. Fundi friji wa Nyakato niliyemwendea alielewa mara moja. "Kaka, unataka ile ya fedha nyingi, ya kuunga shaba na chuma, ina dawa yake ya unga." Ndiyo hiyo. Fedha haijazi uwazi kama brasi, inataka vipande vikae vimegusana, kwa hiyo nilitumia jioni nzima na tupa kukichonga kishikio kipya kikae juu ya mviringo wa bomba bila mwanga kupita. Mzee alikiunga kwa mwali mdogo kwa muda mfupi sana.

Kunyoosha

Nafasi ya milimita 130 ni ya zama zake. Habu za nyuma zinazopatikana kwenye mitumba ya Kijapani hapa mjini, za baiskeli za milimani, nyingi ni za milimita 135. Kuna wanaosema fremu ya zamani isibadilishwe hata kidogo. Mimi nataka fremu hii itembee Mwanza, kwa habu ambayo ikifa nitapata nyingine kwenye mitumba ya Mlango Mmoja. Chuma kinaruhusu, aluminiamu ingekatika.

Kwanza kipimo cha uzi. Uzi unafungwa sikio la kushoto, unazungushwa mbele ya bomba la usukani, unarudi sikio la kulia. Kisha unapima kutoka uzi hadi bomba la siti, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana, nyuma iko katikati. Yangu ilikuwa imeelekea kulia kwa milimita 2, pengine kwa kulaliwa na yale mabati. Kwa hiyo upande wa kushoto ndio uliohitaji kusogea zaidi.

Nilitumia nondo yenye tredi na nati nne, nikipanua, nikiachia, nikipima. Chuma kinarudi nyuma kila unapokiachia, kwa hiyo ili kupata milimita 5 unapanua zaidi ya hapo, na unafanya kila mguu kwa nafasi yake kwa ubao na mkono. Usifanye pande zote kwa pamoja ukategemea zitasogea sawa. Sasa ni 135, na uzi unasoma sawa pande zote. Masikio nimeyalinganisha yatazamane.

Juni: rangi, baada ya mvua

Chuma kikishakauka, ni saa chache tu kabla kutu mpya haijaanza kuonekana kama vumbi la machungwa, hasa mji wenye unyevu kama huu. Praima ya epoksi ilipigwa siku ile ile niliyomaliza msasa.

Kupaka rangi kando ya ziwa kuna ratiba yake. Alasiri upepo unatoka ziwani na kuinua vumbi la mtaa. Na karibu na mwezi mwandamo wale wadudu wadogo wa ziwani wanaibuka kwa wingi, unawaona juu ya maji kama nguzo za moshi, upepo ukiwaleta nchi kavu wanajaa kwenye kila taa na kila kitu kibichi. Rangi mbichi ingewabakiza milele. Kwa hiyo nilisubiri mwezi mpevu, nikapiga rangi asubuhi mapema hewa ikiwa imetulia, sakafu ikiwa imemwagiwa maji.

Rangi nilichanganyiwa kwenye duka la rangi za magari kutokana na kile kipande cha bahasha. Kijana wa dukani alijaribu, akapaka kwenye kadi, akaipeleka juani, akarudi kuongeza tone la kijani, akaipeleka tena. Alikuwa na subira kubwa na namshukuru. Ni rangi ya kuchanganya na kikaushio, na mvuke wa kikaushio hicho unaharibu mapafu, kwa hiyo barakoa ya kitambaa haitoshi; inatakiwa angalau yenye vichujio vya mkaa, na iliyo bora ni ya kuletewa hewa safi kwa bomba. Makoti matatu mepesi, kisha vanishi.

Stika sitaweka. Nikibandika jina maarufu nitakuwa nimeiandikia fremu historia isiyo yake. Matundu mawili ya ripiti nimeyaacha wazi, nimeyatia nta tu maji yasiingie.

Ndani ya mabomba nimetia mafuta ya linsidi, yale ya kupikwa wanayotumia maseremala. Kwenye miguu ya nyuma kuna matundu madogo karibu na viungo, yaliyoachwa kiwandani ili hewa ya moto itoke wakati wa kuunga. Sindano kubwa ya mifugo inaingia sawasawa. Unatia, unageuza fremu kila upande, unaacha yachuruzike usiku kucha. Yakikauka yanaweka ngozi juu ya chuma. Matambara yaliyolowa linsidi msiyakunje na kuyatupa kwenye kona: yanapata joto yenyewe na kuwaka. Nimeyatandaza juani kwenye mawe mpaka yakakakamaa. Nimetoboa pia tundu dogo chini ya nyumba ya krenki, kabla ya praima, ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Kwa fremu inayoishi kwenye misimu miwili ya mvua kwa mwaka, masika na vuli, tundu hilo lina thamani kuliko vanishi yote.

Julai: kuunga

Beringi za usukani zimepata gololi mpya za inchi 5/32, krenki za inchi 1/4, hizi za pili zinapatikana kila kibanda cha fundi baiskeli. Krenki ya 1987 imerudi mahali pake. Kikombe cha kulia kimeingia kwa mkono, kwa grisi, kinyume cha saa kama inavyotakiwa.

Breki ya U ilifunguka baada ya kulala kwenye dizeli. Haiwezekani kuweka breki ya V badala yake, kwa sababu vijiti vyake vimekaa mbali zaidi na ekseli kuliko vya breki za V, mikono haitafika kwenye rimu inavyopaswa. Springi moja ilikuwa imekatika. Nimeipata kwenye baiskeli ya watoto aina ya BMX, ambazo nyuma zinatumia breki ya mtindo huo huo.

Magurudumu ni ya inchi 26 kutoka mitumba, habu ya 135 imeingia bila kulazimisha. Nimeipeleka Nyegezi, nikapita Malimbe hadi Luchelele, barabara ya changarawe yenye mawe ya ukubwa wa ngumi. Ikienda kasi kwenye changarawe unahisi mabomba yakinyumbuka chini yako, mtikisiko unafika mkononi umeshapungua. Ukiachia usukani kwenye tambarare inakwenda moja kwa moja. Niliporudi nilipangusa vumbi kwenye daraja aliloliunga Mzee, nikapitisha mafuta ya taa na chaki upya. Hakuna mstari.

Yaliyobaki: raba za breki ya nyuma bado ni za zamani na zimekuwa ngumu, zinapiga kelele, waya wa gia ya mbele unasugua kwenye kishikio kipya na unataka kipande cha ganda, na vanishi kwenye mguu wa kushoto imepata mkwaruzo wa cheni, nitaufunika kabla ya vuli. Ukaguzi wa chaki nitaurudia kila kiangazi.